Jogoo Aliyevaa Pete ya Kijani

Kila asubuhi, kabla mama yake hajamaliza kikombe cha kahawa, Greta Lindquist alikuwa ameshatoka uani na ndoo mbili, moja ya maji na nyingine ya chakula cha kuku. Alimwaga maji ya jana kwenye nyasi, akasugua chombo kwa brashi, akatia maji mapya. Kisha alipindua ndoo tupu, akaikalia, akawatazama kuku wake watatu weusi wakidonoa. Greta alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi nyingine zote za nyumbani alizifanya kwa kusukumwa, lakini hii hakuwahi kukumbushwa hata siku moja.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa Julai, Duchess, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, alipanda juu ya kiota, akanyoosha shingo, akafumba macho, akawika.

Sauti yake ilikuwa mbovu, imekwaruza, na ilikatika katikati. Lakini kuwika ni kuwika.

"Nyamaza!" Greta alisema kwa hasira. "Wewe ni jike!"

Duchess akawika tena, safari hii vizuri zaidi.

Dirisha la nyumba ya jirani likafunguliwa kwa kishindo. Bwana Pruitt alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mahindi, na saa hizo ndipo alipokuwa anajinyoosha kitandani.

"Wewe Lindquist! Hilo nililolisikia ni jogoo?"

"Siyo jogoo, Bwana Pruitt! Anakohoa tu!"

"Anakohoa kokoikoo? Binti, mimi nimezaliwa shambani, usinichezee. Mji wa Nordby unaruhusu majike. Jogoo hauruhusu, hata nusu! Ijumaa ikipita nikiwa bado namsikia, naipigia simu ofisi ya mji, na mwenye nyumba wenu nampigia vilevile!"

Dirisha likafungwa. Greta alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma, amevaa sare yake ya dobi, kwa maana alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee.

"Mwenye nyumba alitwambia nini tulipomwomba ruhusa ya banda?" mama aliuliza.

"Mama, mimi sikujua..."

"Alitwambia nini, Greta?"

"Malalamiko ya kwanza tu, banda linavunjwa na kuku wote wanaondoka."

"Sawa. Basi huyo awe ameondoka kabla ya Ijumaa kuisha. Mtafutie pa kwenda. Vinginevyo hao wawili nao utawaaga."

Mama akaingia ndani. Greta alibaki pale, uso umemwiva, akimtazama Duchess na pete yake ya kijani mguuni. Kumtafutia jogoo pa kwenda mwezi wa Julai si kazi ndogo. Huo ndio mwezi ambao nusu ya watu wa Iowa wanagundua kwamba jike waliyemlea ni dume, na kila mtu anataka kumgawa wake bure. Aliyekuwa na shamba na nafasi ya kutosha ni Tessa Brandvold, rafiki yake tangu shule ya chekechea. Na Tessa ndiye mtu wa mwisho ambaye Greta angetaka kumwomba jambo lolote linalohusu kuku hao.

Sababu yake ilianza mwezi wa Aprili, katika duka la vyakula vya mifugo.

Wakati wa masika duka lile lote hulia vifaranga. Huja kwa posta kutoka kwenye viwanda vya kutotolesha, wamefungwa ndani ya maboksi yenye matundu, kisha humiminwa kwenye mabeseni makubwa ya bati chini ya taa nyekundu za joto. Kila beseni huwa na kibandiko. Beseni waliloliinamia Greta na Tessa siku ile liliandikwa "Majike Weusi, Mchanganyiko". Duka halikuuza chini ya vifaranga sita, kwa hiyo marafiki hao walichanga, watatu wa huyu na watatu wa yule.

"Angalia hawa wenye nyota kichwani!" Greta alisema, akionyesha vifaranga weusi waliokuwa na doa jeupe utosini. "Wenye nyota ni wangu!"

"Chukua," Tessa alijibu akipiga miayo. "Kwangu mimi kuku ni kuku."

Muuzaji akawatoa watatu wenye doa, akawavisha pete za plastiki za kijani. Kisha akashika wengine watatu, weusi tupu wasio na doa, akawavisha za njano. Hao walikuwa wa Tessa. Ghala la kina Tessa bado lilikuwa na baridi kali, kwa hiyo wote sita walilelewa kwanza chini ya taa katika chumba cha chini cha nyumba ya kina Greta, mpaka waote manyoya.

Haikupita wiki, Greta akakaa na simu ya mama yake kuangalia video za ufugaji. Bwana mmoja aliyevaa kofia pana alikuwa ameshika kifaranga mweusi mkononi. "Mwenye doa jeupe kichwani ni dume," alisema. "Asiye na doa ni jike. Rahisi, sivyo?" Bwana huyo alikuwa ametaja mwanzoni kabisa ni kuku wa aina gani anaowazungumzia. Lakini Greta alikuwa ameuruka mwanzo, kwa sababu mwanzo wa video humchosha.

Wenye doa walikuwa wake, wote watatu! Majogoo watatu, ndani ya mji usiotaka hata mmoja!

Angeweza kumwambia mama yake. Angeweza kumwambia Tessa, na pengine wangecheka wakagawana upya. Badala yake alishuka chumba cha chini mchana ule ule, mama akiwa kazini, akavua pete zote sita, akazibadilisha. Wenye doa wakavaa njano na weusi tupu wakavaa kijani. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga mswaki. Kisha akajipangia hoja: Tessa anakaa shamba, majogoo hawatamsumbua, tena mwenyewe alisema kuku ni kuku. Mtu anayejidanganya hakosi hoja, na Greta alikuwa nazo tele.

Tessa alikuja kuwachukua wa kwake mwezi wa Mei. Manyoya yalikuwa yameshaanza kuwafunika, na Tessa hakuangalia vichwa. Aliangalia pete, akawapakia kwenye gari la baba yake, akashukuru.

Hao wa Tessa walikua wakawa na mistari ya nyeusi na nyeupe iliyojipanga tangu shingoni hadi mkiani, wazuri mno. Wa Greta walibaki weusi. Upanga wa kichwani wa Duchess ulipoanza kuwa mwekundu na mkubwa, mama alisema, "Huyu mbona kama dume?" Greta akamjibu kwa uhakika mkubwa, "Haiwezekani. Hakuwa na doa."

Na sasa amewika.

Jioni ya siku hiyo klabu ya vijana wafugaji, waliyokuwamo Greta na Tessa, ilikutana katika banda kubwa la kuku kwenye uwanja wa maonyesho ya kaunti. Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa kuku wangepokelewa kwa mashindano. Msimamizi wa klabu, Bi Verna Kjos, alikuwa mwalimu mstaafu aliyehukumu mashindano ya kuku kwa miaka mingi, na hakuwa na tabia ya kumpaka mtu mafuta. Greta aliingia amebeba Duchess ndani ya kizimba, ili Bi Verna amkague. Njia nzima hasira zilikuwa zinamchemka. Alilikasirikia duka, na Bwana Pruitt, na yule bwana wa kofia pana. Kisha akamwona Tessa anamfuta miguu jike wake wa mistari kwa kitambaa, anacheka na wenzake, na hasira zote zikapata mtu wa kuangukia.

"Ndiyo, cheka!" Greta alisema, akakibwaga kizimba mezani. "Cheka tu! Wewe umepata majike wazuri, mimi umeniachia jogoo!"

Watu wote bandani wakageuka. Tessa aliduwaa, kitambaa mkononi.

"Mimi? Nimekuachia nini?"

"Tulinunua pamoja! Ulijua kuchagua, ukajifanya hujali!"

"Greta, una wazimu? Ningejuaje..."

"Basi," Bi Verna alisema. "Kelele hizi zitamwua huyu ndege kabla hajahukumiwa. Mlete hapa."

Alimtoa Duchess kizimbani, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye manyoya ya mgongoni. "Mnaona haya hapa karibu na mkia, yamechongoka? Ya jike huwa ya mviringo. Na mnaona weusi huu unavyong'aa kijani kwenye mwanga? Huyu ni Australorp, kabila la kuku weusi lenye asili ya Australia. Na ni jogoo, kijana mwenye afya nzuri kabisa."

"Lakini hakuwa na doa!" Greta alipinga. "Nimeona kwenye video. Mwenye doa kichwani ndiye dume, asiye na doa ni jike!"

"Video ya kuku gani?"

"Weusi... Mwanzo niliuruka."

"Nilidhani hivyo," Bi Verna alisema. "Hiyo kanuni ni ya machotara tu, wale ambao mama yao ni wa mistari na baba yao ni mwekundu. Kwao, kifaranga wa kiume huzaliwa na doa, wa kike hana. Ukimpelekea Australorp kanuni hiyo, umepotea. Ukiipeleka kwa kuku wa mistari halisi kama huyu wa Tessa, umepotea zaidi, kwa sababu hao wote huzaliwa na doa, majike kwa madume. Kwanza unamjua kuku ni wa kabila gani, ndipo unauliza kama ni jike au dume. Wewe umeanzia mwisho. Na kwenye kiwanda cha kutotolesha nako, wanaotenganisha vifaranga majike na madume ni mahodari, lakini katika kila mia kuna wachache wanaowaponyoka. Hakuna aliyekuibia."

Mmoja wa wavulana akacheka chini chini. Lakini Tessa hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Bi Verna, umesema wa mistari wote huzaliwa na doa?"

"Wote."

"Basi hawa wangu walikuwa na doa." Tessa akageuka polepole. "Greta, wenye nyota kichwani ulichukua wewe. Dukani. Ulipiga kelele, 'Wenye nyota ni wangu!'"

Hapo ndipo Greta angeweza kuusema ukweli, na ungemtoka kwa aibu ndogo. Lakini macho yote ya klabu yalikuwa usoni pake, na hasira ilikuwa bado imemkaba.

"Si kweli. Umesahau."

"Sijasahau! Mimi nilisema kuku ni kuku, muuzaji akanipa weusi tupu!"

"Basi labda umebadilisha pete wewe, siku ulipokuja kuwachukua!"

Maneno yalitoka yenyewe, na Greta mwenyewe alishtuka kuyasikia. Alikuwa amemvisha rafiki yake kosa lake, zima zima, mbele ya watu.

Tessa alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Unaniita mwizi?" alisema. "Mimi? Mwaka jana maonyesho ya kuku yalifutwa kwa sababu ya mafua ya ndege, nikalia kwenye bega lako! Miaka miwili nangoja siku hii, leo unaniita mwizi?"

"Kimya, nyote wawili," Bi Verna alisema. Uso wake ulikuwa mkavu. "Sheria ya mashindano mnaijua. Kuku lazima awe mali ya anayemwonyesha tangu mwanzo wa Juni. Mimi siwezi kutia sahihi kwa kuku ambaye mmiliki wake hajulikani. Mna mpaka Ijumaa asubuhi. Mkija na kauli moja, nitasikiliza. Mkija na mbili, hawa wa mistari hawaingii."

Tessa alimrudisha jike wake kizimbani, akatoka bila kumtazama mtu.

Kesho yake mama alimkuta Greta uani akiipiga teke ndoo, ikibiringika, akiifuata na kuipiga tena.

"Mama yake Tessa amenipigia simu kazini," mama alisema. "Eti umemwita binti yake mwizi mbele ya klabu nzima. Ni kweli?"

"Nilikasirika."

"Sikukuuliza kama ulikasirika. Nimekuuliza kama umemwita mwizi."

"Ndiyo."

"Na ni mwizi?"

Greta akaenda kuiokota ndoo. Duchess alikuwa amefungiwa ndani ya banda la gari, amefunikwa blanketi asiwike, na hata hivyo alisikika akijaribu.

"Mimi nafua mashuka ya wazee kutwa," mama aliendelea, na sasa sauti ilimpanda. "Jana mmoja kanitemea uji. Unadhani sikukasirika? Nilikasirika sana! Lakini sikutoka nje nikamtafuta mtu asiyehusika nikamtupia. Ukijua unalolijua, nenda ukaliseme. Na kama hujui, nenda ukaombe radhi. Huku kuipiga ndoo mateke hakutakusaidia."

Greta alimpigia Tessa simu mchana. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Alipojaribu kuandika ujumbe, alifuta kila alichokiandika, kwa sababu kila sentensi ilianza na "lakini". Siku iliyofuata alijaribu tena. Tessa hakujibu.

Alichokiogopa zaidi ni hiki: akisema ukweli, itaonekana amekuja kudai majike wa mistari. Kwa haki ya dukani walikuwa wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyewachagua. Nani angeamini kwamba hakuwataka? Akinyamaza, Tessa anakosa mashindano kwa mara ya pili. Akisema, huenda Tessa akawakosa kuku wenyewe. Na yote hayo aliyafanya yeye, kwa mikono yake, huku anajiona mwerevu. Hapo hasira yake ilimrudia mwenyewe, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Ijumaa asubuhi magari yalikuwa yamejipanga foleni kwenye uwanja wa maonyesho. Daktari wa mifugo alimkagua kila ndege macho, pua na miguu kabla ya kumruhusu kuingia bandani. Kulinukia maranda mapya ya mbao, na nje wauza juisi ya limau walikuwa wanafungua vibanda vyao. Tessa alikuwa amekuja. Alisimama na baba yake mbele ya meza ya Bi Verna, kizimba cha majike wa mistari miguuni pake, macho yamemvimba.

"Nimewaleta," alikuwa anasema. "Najua umesema hawataingia bila kauli moja. Lakini ni kuku wangu, na sitakaa nyumbani kama niliyeiba kitu."

Greta alijipenyeza katikati ya watu, kizimba cha Duchess mkononi, mama yake nyuma yake.

"Nilibadilisha mimi," alisema.

Aliyasema kwa sauti ndogo, Bi Verna akalazimika kuuliza, "Nini?"

"Pete. Nilibadilisha mimi!" Sasa ilisikika mpaka kwenye foleni. "Mwezi wa Aprili, kwetu, chini kwenye chumba cha vifaranga. Niliona ile video nikadhani wenye doa wote ni majogoo, nikampa Tessa. Nilimpa kwa kujua. Nilitaka yeye apate majogoo na mimi nipate majike. Kisha nikamwita mwizi, na mwizi ni mimi."

Baba yake Tessa alivua kofia, akaivaa tena.

Tessa ndiye aliyelipuka. "Ulidhani ni majogoo, ukanipa mimi?"

"Ndiyo."

"Wote watatu? Na ukanikumbatia siku nilipokuja kuwachukua? Nikakushukuru! Nilikuletea mkate wa ndizi!"

"Ndiyo."

"Na sasa kwa kuwa ni wazuri umekuja kuwachukua!"

"Hapana! Siwataki!" Greta machozi yalikuwa yameanza kumtoka na alikasirika kwamba yanamtoka. "Ni wako. Nimekuja kusema ni wako."

"Usiniambie ni wangu kama unanipa zawadi!"

"Tessa ana haki," Bi Verna alisema. Aliinuka kitini, na alipoinuka watu walirudi nyuma kidogo. "Wewe Greta huna cha kumpa. Ulikitoa mwenyewe mwezi wa Aprili, kwa hila, na aliyetendewa hila ndiye atakayechagua leo. Tessa, hawa umewalisha na kuwafuga tangu Mei, kabla ya tarehe ya sheria. Ukiwataka, ni wako, na naandika jina lako sasa hivi. Ukiwataka wale weusi waliovishwa pete zako dukani, hao nao utarudishiwa. Sema."

Tessa alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Akawatazama majike wake wa mistari, waliokuwa wanadonoa maranda bila habari na mtu. "Nawataka hawa."

"Imeandikwa. Na wewe Greta, wale wawili weusi uliowaandikisha hawataingia mashindanoni mwaka huu. Utakuja hapa kila siku ya maonyesho kufagia banda na kubadilisha maji, na ukikutana na watu waliokusikia Jumanne ukimwita mwenzako mwizi, utawaambia ulivyoniambia mimi. Mmoja mmoja. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bi Verna."

Bi Verna aliketi tena. Alipozungumza, sauti ilikuwa bado kali, ila sasa ilikuwa ya kufundisha.

"Nisikilizeni nyote, na wewe Tessa pia. Kukosea kabila la kuku si dhambi. Mimi nilishakosea mbele ya ukumbi mzima nikachekwa. Greta angekuja na kosa lake siku ile ile, tungecheka, tukaendelea. Lakini alilificha, na kosa lililofichwa linataka kulishwa kila siku. Kwanza alibadilisha pete. Halafu akadanganya. Halafu akamsingizia rafiki yake, na hasira ndiyo iliyomwonyesha njia. Kukasirika si vibaya, kila mtu hukasirika. Lakini kabla hujamfokea mtu, jiulize kama unamkasirikia yeye, au unaogopa asikugundue. Ukiona ni la pili, funga mdomo wako, kisha ufungue tena useme ukweli. Ni aibu, ndiyo. Ila aibu hii ya leo ni ndogo, ukilinganisha na ile ya Jumanne."

Foleni ikaanza kusogea, na daktari akamwinua jike wa kwanza wa Tessa kumwangalia macho.

Greta alichukua kizimba cha Duchess. Kulikuwa bado na shida moja, na ilikuwa inawika ndani ya kizimba hicho mbele ya kaunti nzima. Jioni Bwana Pruitt angeshika simu.

"Unampeleka wapi?" Tessa aliuliza nyuma yake.

"Sijui. Nitauliza huko nje. Labda kuna mtu anayemtaka."

"Hakuna anayetaka jogoo mwezi wa Julai."

"Najua."

Tessa alimtazama jogoo yule mweusi. Kisha akaja na hatua kubwa kubwa, akakamata mpini wa kizimba.

"Lete. Huyu ni wangu. Muuzaji alinipa mimi." Alivuta. "Uliniibia jogoo, Greta! Katika watu wote duniani, ni wewe tu ungeiba jogoo huku unamkimbia jogoo!"

Baba yake alikohoa kuficha kicheko. Greta hakuthubutu kucheka. Aliachia mpini.

"Samahani, Tessa."

"Nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, na sijui nitaacha lini."

"Sawa."

"Usiseme sawa!" Tessa alianza kutembea kuelekea gari la baba yake, kizimba kinamgonga magoti, Duchess anawika kwa kila hatua. Alipofika katikati alisimama, kizimba kizito, mkono umemchoka. Hakugeuka. "Shika upande huo mwingine," alisema. "Na usiniongeleshe."

Greta alikimbia akashika upande wa pili, wakambeba pamoja mpaka kwenye gari.